Kiingereza cha "if": wakati uliopita usioizungumzia jana

Desemba, mvua zikiwa zimeshaanza na korosho bado zimejaa maghalani, kijana mmoja anayesimamia upakiaji hapa Mtwara alinionyesha ujumbe aliomtumia wakala wa mnunuzi aliyeko nje ya nchi. Aliandika: "If the rain will stop, we would load tomorrow." Wakala akamjibu kwa swali: kwa hiyo mnapakia au hampakii? Kijana akakereka. "Mwalimu, mimi si nimemwambia? Mvua ikikata, tunapakia. Hapo hajaelewa nini?"

Wakala alielewa kile kilichoandikwa. Ile "will" ya mwanzo ni kosa, ila halimpotezi mtu njia. Inaeleweka kwamba mvua ni ya kesho. Kilichoharibu ni "would". Kwa Kiswahili ni kama aliambiwa "mvua ikikata, tungepakia kesho", na ukisikia "tungepakia" lazima uulize: kwani mmezuiwa na nini? Sentensi aliyoihitaji ilikuwa fupi tu: "If the rain stops, we will load tomorrow."

Makosa ya namna hii nayakuta kwenye madaftari ya kidato cha pili, kwenye barua za kuomba kazi, na kwenye maelezo ya watu wazima waliosoma mpaka chuo. Siyaiti uzembe. Sentensi za "if" ndipo mahali ambapo vitenzi vya Kiingereza huacha kufuata kalenda, na shuleni tulipewa jedwali la aina nne tukariri, bila kuambiwa jedwali lenyewe limetoka wapi. Mtihani ukipita, jedwali nalo linapita.

Tukubaliane majina kwanza. Sentensi ya masharti ina vipande viwili. Kimoja kinaweka sharti, nacho ndicho chenye "if". Nitakiita kipande cha sharti. Kingine kinasema kitakachotokea sharti likitimia. Nitakiita kipande cha jibu. Vinaweza kubadilishana nafasi. Sharti likitangulia, unaweka koma kabla ya jibu. Jibu likitangulia, koma haihitajiki. Kuhusu koma ni hayo tu.

Majina mengine mawili ndiyo muhimu zaidi: umbo na muda. Umbo ni jinsi kitenzi kilivyo machoni, kama "go", "went" au "gone". Muda ni siku yenyewe inayozungumziwa: jana, leo, kesho. Katika sentensi za kawaida umbo na muda huenda pamoja, ndiyo maana tunafundishwa kwamba "went" ni jana. Kwenye sentensi za "if" viwili hivi vinaachana. Umbo la wakati uliopita linaweza kuzungumzia leo au kesho bila kosa lolote, na asiyelijua hilo atalikariri jedwali miaka yote bila kupona.

Simama Mikindani uitazame ghuba. Kuna mashua imefungwa gatini: ukitaka, unapanda. Kuna nyingine imetia nanga kule katikati: unaiona vizuri, ila kwa miguu yako huifikii. Ya tatu ilitoka mlango wa ghuba tangu alfajiri. Hata upige kelele vipi, hairudi. Kiingereza hupanga masharti kwa umbali huo huo. Jambo linalowezekana hupewa umbo la wakati uliopo. Jambo la kufikirika, lililo mbali na hali halisi ya sasa, husogezwa hatua moja nyuma, likapewa umbo la wakati uliopita. Jambo lililokwisha pita na lisiloweza kubadilika husogezwa hatua mbili: "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, lile la "gone", "seen", "known". Kurudi nyuma huku ni kuachana na uhalisia. Siku haihusiki.

Sasa tuzipande moja moja.

Iliyofungwa gatini

Ile ambayo vitabu huiita aina sifuri haina taabu. Ni mambo ambayo ni kweli siku zote, na vipande vyote viwili hubaki kwenye wakati uliopo: "If you store wet cashew nuts, they go mouldy." Ukihifadhi korosho zenye unyevu, huota ukungu. Kiswahili hapo kinatumia "hu-", Kiingereza kinatumia umbo lake la kawaida, na hakuna anayegombana.

Aina ya kwanza ndiyo ya ujumbe wa ghalani: jambo la mbele linalowezekana. Sharti linakaa kwenye wakati uliopo, jibu linapewa "will". "If the bus leaves Lindi at ten, we will reach Mtwara before one." Muda ni wa baadaye pande zote mbili, lakini "will" inatajwa upande mmoja tu. Watu wengi huona hapa Kiingereza kimekosea hesabu: kama basi litaondoka baadaye, kwa nini isiwe "will leave"?

Jibu liko kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Tunasema "basi likiondoka saa nne, tutafika kabla ya saa saba". Ile "-ki-" haina "-ta-" ndani yake. Haisemi jana wala kesho. Inategemea kipande cha pili kiseme. Kiingereza nacho kimefanya hivyo hivyo: sharti halitaji muda, jibu ndilo linalotaja. Kinachotuponza ni ule mtindo mwingine tunaoutumia, hasa kwenye maandishi ya ofisini: "iwapo basi litaondoka", "kama mvua itanyesha". Mtu akiwa na "-ta-" hiyo kichwani, akivuka kwenda Kiingereza huivusha ikawa "will". Ushauri wangu kwa wanaoanza ni kwamba kabla hujaandika, iseme sentensi yako kwa "-ki-". Ikikubali, kipande cha sharti kinataka wakati uliopo. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwa "when", "until", "before" na "as soon as". Zote hazitaki "will" baada yake zikizungumzia mambo yajayo.

"Unless" nayo ni ndugu wa hapa, ila ina tabia yake: ukanushi imeshaubeba ndani. "Unless you pay" maana yake ni "usipolipa". Anayeandika "unless you don't pay" akikusudia hivyo amekanusha mara mbili, na amesema kinyume cha alichotaka.

Si lazima jibu liwe na "will" kila mara. Linaweza kuwa na "can", "may" au "must", au likawa amri tupu: "If the wind is strong, don't spray." Anayepuliza salfa kwenye mikorosho hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Kuna pahala "will" inaruhusiwa baada ya "if", nalitaja kwa sababu wajuaji hulitumia kutuvuruga. "If you will wait here, I will call the manager." Hiyo "will" haizungumzii kesho. Ni ombi la adabu, maana yake "kama utakubali kungoja hapa". Nje ya ukubali na ukataaji wa mtu, iache.

Iliyotia nanga

Hii ndiyo aina ya pili, na hapa ndipo penye fundo.

"If I had a motorbike, I would go to Newala today." Angalia maneno mawili: "had" na "today". Aliyefundishwa kwamba "had" ni jana atashangaa vipi jana na leo vikae sentensi moja. Lakini hakuna jana hapo. Msemaji hana pikipiki, anafikiria angekuwa nayo. Kiingereza kimesogeza kitenzi hatua moja nyuma ili kukuambia kwamba hii si hali halisi. Kiswahili kina "-nge-" kwa kazi hiyo: ningekuwa na pikipiki, ningekwenda Newala leo.

Sasa tazama hiyo sentensi ya Kiswahili. "-nge-" iko mara mbili, kulia na kushoto. Sisi tunaweka alama ile ile pande zote mbili. Kiingereza kinagawa kazi: sharti linapata umbo la wakati uliopita, jibu linapata "would". Nadhani chanzo kikubwa cha "If I would have a motorbike, I would go" ni hapo. Mtu amezoea mizani iliyo sawa, akajifunza kwamba "would" ni "-nge-", akaiweka kote kote. Kosa hilo lina mantiki nzuri kabisa, ila mantiki ni ya Kiswahili. Kwa hiyo kanuni ya kushika ni moja: "would" ni mali ya kipande cha jibu. Ukiiona imekaa karibu na "if", ishuku, isipokuwa kwenye adabu za ofisini kama "if you would sign here, please".

Watu pia huniambia aina ya pili ni ya mambo yasiyowezekana kabisa, kama kuwa ndege au kuwa rais. Si kweli. Ni ya mambo ambayo msemaji ameamua kuyaweka mbali, na umbali huo mara nyingi ni hiari yake. Chukua mwenye nyumba wa Shangani anayezungumza na mgeni anayetaka kupanga. Akisema "If you pay for six months, I will reduce the rent", ameahidi. Mgeni akitoa hela ya miezi sita, anastahili kupunguziwa. Akisema "If you paid for six months, I would reduce the rent", anapima upepo tu. Ameweka wazo mezani na bado anaweza kulirudisha mfukoni. Sentensi zote mbili ni sahihi, zote zinahusu siku za mbele, na shilingi ni zile zile. Tofauti ni kiasi gani amejifunga. Wanaofanya biashara kwa Kiingereza huitumia tofauti hii kila siku, na asiyeijua hudhani ameahidiwa.

Kwenye usaili wa kazi ni hivyo hivyo. "If I get this job, I will move to Mtwara" ni sauti ya mtu mwenye matumaini. "If I got this job, I would move to Mtwara" ni ya mtu anayejishusha, haoni kama amekwisha pata. Mimi ningemshauri kijana achague ya kwanza, lakini hiyo ni hulka yangu. Sarufi haimkatazi ya pili.

Kisha kuna "If I were you". Nimewahi kusikia watu wazima wakibishana kwa ukali kwamba "were" ni ya wengi, hivyo "I were" ni ushamba. Hii "were" haina uhusiano na wingi. Ni mabaki ya umbo la zamani la Kiingereza lililokuwa maalumu kwa mambo ya kufikirika, na kitenzi "be" ndicho pekee kilichobaki nalo waziwazi. Ndiyo maana linakwenda na "I", "he", "she" na "it" bila kubagua: "If he were here, he would help us." Wenye lugha yao wengi husema "If I was" wakizungumza, wala hawachekwi. Kwenye mtihani na kwenye barua rasmi, andika "were" na uwe na amani.

Lakini usiivamie "was" kila unapoiona baada ya "if". Mtu akisema "If I was rude yesterday, I am sorry", hafikirii jambo lisilokuwepo. Anazungumzia jana ya kweli, na anakubali huenda alikosea adabu. Ukimsahihisha kuwa "were" umemharibia. Vivyo hivyo: "If he left Masasi at six, he is already at Mnazi Mmoja" (Mnazi Mmoja ya Lindi, si ya Dar es Salaam). Aliondoka au hakuondoka, hatujui, ila ni tukio la kweli la asubuhi ya leo, na umbo lililopita lina muda uliopita kama kawaida. Sentensi kama hii haimo kwenye aina nne za jedwali. Jedwali ni la kuanzia, halikuahidi kumaliza kila kitu.

Iliyoondoka alfajiri

Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipopiga pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ilikatika maeneo ya Somanga, Kilwa, magari yakakwama. Mwenye mzigo uliochelewa wakati ule anaweza kuandika: "If the road had not been cut, the lorry would have arrived on time." Barabara ilikatika, lori halikufika kwa wakati, na hakuna cha kufanya sasa. Hiyo ndiyo aina ya tatu. Sharti: "had" na umbo la tatu. Jibu: "would have" na umbo la tatu.

Kiswahili cha vitabuni kina "-ngali-" kwa haya: barabara isingalikatika, lori lingalifika. Mitaani wengi tunatumia "-nge-" kwa leo na kwa jana: "ungeniambia jana ningekuja", na sote tunaelewana kwa sababu neno "jana" limemaliza kazi. Kiingereza hakitosheki na "jana" pekee. Ukiandika "If you told me yesterday, I would come", umeiacha mashua ya tatu katikati ya ghuba. Andika "If you had told me yesterday, I would have come."

Kosa sugu la hapa ni "If I would have known". Limeenea, na lina watetezi: utalisikia kwenye filamu, na Wamarekani wengi hulitamka hivyo wakizungumza. Basi mwanafunzi anauliza, kama wenyewe wanasema, mimi ninanyimwa maksi kwa nini? Kwa sababu maandishi rasmi bado hayalikubali. Nami naongeza sababu nyingine, ambayo ni masikio. Waingereza hufupisha "had" kuwa "'d", na "would" nayo huifupisha kuwa "'d". Sikiliza: "If I'd known, I'd have come." Kwa sikio letu hizo "'d" mbili ni pacha. Ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Anayezisikia zote kama "would" ataandika alichosikia. Dawa ni kutazama kinachofuata: baada ya "'d" kukiwa na "have" au kitenzi kitupu kama "go", hiyo ni "would". Kukiwa na umbo la tatu moja kwa moja, kama "known" au "gone", hiyo ni "had". Kelele hizo hizo ndizo zinazowafanya hata wazawa wa lugha waandike "would of" badala ya "would have". Usiige hilo.

Jambo jingine ni la kusoma zaidi kuliko kuandika: sentensi ya aina ya tatu hukuambia kilichotokea kwa kusema kinyume chake. "If the Germans had not dug at Tendaguru, the giant skeleton would not be in Berlin today." Msomaji mwenye haraka anaona "not" mbili, anaondoka akidhani hawakuchimba. Walichimba, kati ya 1909 na 1913, katika mkoa wa Lindi, na mifupa ya dinosaria yule mkubwa iko kwenye jumba la makumbusho Berlin mpaka leo. Kwenye maswali ya ufahamu, hapo ndipo maksi zinapomwagika.

Tena umeona kwamba jibu la sentensi hiyo lilikuwa "would not be", halikuwa "would not have been". Sharti ni la zamani, matokeo yapo sasa. Hizi huitwa sentensi za mchanganyiko, na kwa watu wa kusini zina kazi nyingi, kwa kuwa tuna mambo mengi ya "ingekuwaje". Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ndio ulioleta bandari ya kina kirefu hapa Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea. Karanga zikashindikana, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Ukitaka kubaki zamani pande zote mbili, unasema: "If the groundnuts had succeeded, the railway would have stayed." Ukitaka kulia na hali ya sasa, unasema: "If the railway had stayed, Nachingwea would be a big city today." Neno la kukuongoza ni "today". Kila kipande kinachagua umbo kwa muda wake chenyewe. Hakuna sheria ya kuvifunga pamoja.

Mchanganyiko unakwenda na upande wa pili pia. "If I were afraid of the sea, I would not have gone to Songo Songo." Kutoogopa bahari ni tabia yangu ya siku zote, safari ilishapita.

"If" inapojificha

Barua rasmi zina mtindo wa kuiondoa "if" na kukitanguliza kitenzi. "Had we known" ni "if we had known". "Were the price to fall" ni "bei ikitokea kushuka", kwa msisitizo kwamba si jambo linalotarajiwa sana. Kwa kuwa kitenzi kimetangulia, msomaji hudhani anaulizwa swali, anatafuta alama ya kuuliza mwishoni, haioni, anaruka mstari.

Hatari zaidi ni "should". Tumeizoea kama "unapaswa", kwa hiyo barua ya ajira inayosema "Should you fail to report by Monday, this offer will lapse" huwachanganya watu kweli kweli. Yupo anayesoma "unapaswa kushindwa" na kucheka akidhani mwandishi amekosea. Hakukosea. "Should" iliyotangulia mtenda, bila alama ya kuuliza, ni "ikitokea". Ikitokea hukuripoti kufikia Jumatatu, nafasi inafutika. Na kama barua hiyo ina mstari mwingine unaosema "should you need accommodation, contact the office", hujaamriwa kuhitaji malazi. Ukiyahitaji, piga simu. Usipoyahitaji, mstari huo haukuhusu.